Fundi waya hakuondoka kwa kupenda safari

Jumamosi mshereheshaji wa tamasha la kijiji chetu, huku Kysuce, kaskazini mwa Slovakia, alishika maiki akawaambia watu kwamba mafundi waya wa zamani, wale drotári waliofunga vyungu vilivyopasuka kwa waya, walikuwa watu wa roho huru, walioipenda barabara na kutamani kuuona ulimwengu. Makofi yakapigwa. Mama mkwe wangu hakupiga. Usiku wa siku hiyohiyo alikuwa anapanda basi dogo kwenda Austria kumuuguza mzee wa watu, na babu wa babu yake alikuwa drotár. Nimejaribu kuinyamazia kauli ile, imenishinda.

Waliondoka kwa njaa. Ukiyaona mashamba ya huku huhitaji kuelezwa. Ni miteremko mitupu, udongo mwembamba uliojaa mawe, na baridi inayoingia kabla mtu hajamaliza kuvuna. Kilichokubali kuota ni viazi, oti na kabichi. Ardhi ikagawiwa watoto, kisha watoto wa watoto, mpaka kipande cha mtu mmoja kikawa hakitoshi kumlisha hata ng'ombe. Ndipo kuanzia karne ya 18 wanaume wa Kysuce na wa bonde la juu la mto Váh wakajitwika sanduku la mbao mgongoni, ndani yake koleo, nyundo na mzingo wa waya, wakaenda nyumba kwa nyumba wakinadi: chungu kimepasuka, lete nikufungie. Walianza na miji ya jirani, wakafika Vienna, Budapest na Warsaw, wakaingia Urusi hadi Moscow, na baadaye wakavuka bahari kwenda Marekani. Wachache walinyookewa, wakafungua karakana zao huko ugenini na kuajiri watu. Wengi walilala mazizini na kwenye mabanda ya nyasi kavu. Tena hawakwenda peke yao. Fundi aliondoka na mvulana wa kumfundisha kazi, džarek wakimwita, mtoto ambaye leo angekuwa bado shule ya msingi. Mama aliyemkabidhi mwanawe kwa fundi hakujua atamwona tena lini. Sasa niambieni, roho huru iko wapi hapo?

Kwa mama mkwe kuna jagi la udongo la kuwekea maziwa, la rangi ya kahawia, lenye ufa unaoanzia mdomoni na kushuka hadi tumboni. Limevishwa waya lote. Shingoni kuna pete ya waya, kwenye kitako pete nyingine, na katikati wavu uliosukwa kwa mkono bila kulehemu popote. Kila waya unapokutana na mwenzake umezungushwa ukakazwa, na umeufuata mviringo wa tumbo la jagi bila kulegea mahali. Lakini kinachonishangaza kila nikilishika ni ncha. Zote zimekunjwa kuelekea ndani ya wavu, kiasi kwamba ukipitisha kiganja hakuna kinachokukwaruza. Yule fundi hakulala kwake siku ile, labda hakuwa amekula, na bado aliufikiria mkono wa mwanamke ambaye angelibeba jagi lile kila alfajiri. Sasa tunatilia maharage, na ufa haujasogea.

Kazi ile haikuwa pambo. Chungu kilikuwa mali, ndiyo maana watu walivisha waya hata vyungu vipya kabla havijapasuka. Mafundi haohao walitengeneza mitego ya panya, vikapu vya mayai, vichujio, chochote ambacho mama wa nyumbani alikihitaji. Zilipoingia sufuria za enameli na vitu vya kiwandani, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaja na mipaka mipya, riziki ya waya ikakauka.

Nakubali kuna mema yamefanyika. Kasri la Budatín pale Žilina limekusanya kazi za waya kuliko mahali pengine popote duniani, na mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ufundi huu kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Vijana wanaosuka majogoo na farasi wa waya kwa ajili ya watalii wanakula jasho lao, na mikono yao ni hodari kwelikweli. Siwalaumu hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba tunautukuza waya huku tukiificha sababu iliyomtoa mtu kwake, kana kwamba ukimtaja babu kuwa alikuwa maskini umemvunjia heshima. Umaskini wake si aibu yake. Kuuficha ndiko kunakomfuta.

Na sababu ile haijaisha. Wale wanaoishi Slovakia wanajua: kila baada ya wiki mbili, usiku wa manane, mabasi madogo hupita vijijini yakikusanya wanawake. Wengi ni wa makamo, wengine ni bibi tayari. Wanakwenda Austria kukaa nyumbani kwa wazee wasiojiweza, kuwaogesha, kuwapikia, kuwageuza kitandani, kuamka nao saa nane za usiku. Wiki mbili zikiisha anapokelewa na mwenzake, anarudi kupika na kufua kwake, kisha anaondoka tena. Mama mkwe hupakia aproni, viatu laini, dawa zake za presha na oštiepok moja iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa kuwa mzee wake huko amezoea kula jibini ya moshi ya kwetu na huiulizia.

Austria iliipa kazi hii sheria yake mwaka 2007, baada ya kufanywa kimyakimya kwa miaka. Mwaka 2019 ikapunguza posho ya watoto kwa wafanyakazi ambao watoto wao wanaishi kwenye nchi zenye maisha nafuu. Hebu fikirini: mama anachangia mfuko uleule kama Mwaustria jirani yake, anamhudumia mzazi wa Mwaustria, halafu mwanawe anahesabiwa kuwa anahitaji kidogo kwa sababu analala ng'ambo ya mpaka. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaja kusema mwezi Juni 2022 kwamba jambo lile ni kinyume cha sheria. Na mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, wapo waliokwama huko wiki kwa wiki bila wa kuwapokea, na wapo waliokwama huku bila kipato.

Hawa ndio warithi wa drotári. Wametoka bonde lilelile, mara nyingi familia ileile, kwa sababu ileile, na njia ya kwenda Vienna ni ileile. Anayetaka kuuona urithi wa Kysuce ukiwa hai asiende tu kwenye banda la wasuka majogoo. Asimame barabarani saa tisa za usiku basi linapokuja. Kule kwetu Afrika Mashariki tunamjua machinga, tunajua anavyotoka kijijini na anavyotazamwa na waliokwisha kushiba. Kwa hiyo siwezi kukaa kwenye benchi nikapiga makofi wakati machinga wa juzi anapewa sifa na machinga wa leo hatajwi. Wala siwezi kuwaelewa watu wanaomlilia babu aliyebisha hodi kwenye milango ya wageni, halafu wakamkunjia uso Mserbia, Muukraine au Mfilipino aliyekuja kuunganisha magari kwenye viwanda vya hapa.

Mnajua desturi ya huku ya mkesha wa Krismasi: kaki nyembamba na asali, kitunguu saumu, supu ya kabichi, na sahani moja ya ziada mezani kwa ajili ya msafiri atakayebisha hodi. Kuna Krismasi moja mama mkwe alikuwa zamu Vienna. Bibi wa mume wangu aliweka sahani kama kawaida, akasema wazi mbele ya watoto kwamba nyumbani kwao, alipokuwa mdogo, waliiweka kwa ajili ya wanaume walio njiani, na mwaka huu ni ya Mama. Watoto wangu walijifunza historia ya ukoo wao pale mezani kuliko kwenye tamasha lolote nililowapeleka, na walimpigia simu bibi yao kabla supu haijapoa.

Kuna mengine ya urithi huu nayapenda sana, sitayarefusha leo. Fujara, ile filimbi ndefu ya wachungaji, ikipulizwa na mtu anayeijua, ule mlio wake mzito hunitoa machozi. Modrotlač, kitambaa cha buluu chenye nakshi nyeupe, ninavaa hata siku za kawaida, kwa kuwa ile buluu inapendeza na haichoshi macho. Kuhusu desturi ya wanaume kuwachapa wasichana fimbo za mti wa mwerebi na kuwamwagia maji Jumatatu ya Pasaka, binti yangu ameshasema hataki, na mlango utafungwa, awe ni mjomba au jirani anayebisha.

Kinachonikaa rohoni ni hawa wanaoondoka. Kila mwaka shuleni kwa mwanangu watoto huchora drotár mwenye kofia pana na sanduku mgongoni, na michoro hubandikwa ukutani hadi mwisho wa muhula. Nimemwandikia mwalimu wa darasa. Nimemwomba kwamba safari hii, pamoja na kuchora, kila mtoto aulize nyumbani kwao: nani aliwahi kuondoka kutafuta riziki, alikwenda wapi, alifanya kazi gani, na nani alibaki na watoto. Aandike kwa maneno ya nyumbani, hata kwa lahaja yao ya kijijini. Katika darasa lile ninawajua watoto ambao mama au bibi zao wako kwenye mabasi yale, na wanalisema jambo hilo kwa sauti ya chini, wakati wenzao wanaosimulia habari za babu wa waya wanalisema kwa kifua mbele. Watoto hawakuzaliwa na tofauti hiyo. Sisi wakubwa ndio tumewafundisha, majukwaani na kwenye maiki.

Mwalimu amejibu kwamba wazo ni zuri na atalipeleka kwenye kikao cha walimu. Nimemwambia nitaulizia tena baada ya kikao. Mama mkwe naye nimemuuliza kwa simu kama atakuwa tayari kwenda kuwasimulia watoto zamu yake ikiisha. Kwanza alikataa, akasema yeye hana la kusimulia, kazi yake ni kuosha wazee. Baadaye akapiga mwenyewe kuuliza kama anaruhusiwa kwenda na lile jagi.