Rafiki aliyegeuka ndugu akae wapi kwenye kikao cha ukoo?

Nilikuwa darasa la tano nilipojua kwamba mama mdogo si ndugu yetu. Yeye ni Mkinga wa Makete, mama yangu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Walikutana sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, wakiuza mitumba, meza kwa meza. Soko lilipoungua mwaka 2006, mama alirudi nyumbani na ufunguo wa kibanda ambacho hakikuwepo tena. Mama mdogo alikuwa na mabelo mawili nyumbani kwake Ilomba. Akampa moja. Hawakuandikishana chochote.

Mama alipofariki, siku ya kuanua matanga, mzee wa ukoo alisema: "Sasa tubaki ndugu tu." Mama mdogo alikuwa ameketi mkekani karibu nami, unga wa ugali wa waombolezaji bado umemganda vidoleni. Akajifunga kitenge upya, akaokota ndoo, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Hata mimi sikumzuia.

Wanaosema rafiki kama huyu ni ndugu kamili hawasemi jambo dogo. Nyanda za Juu Kusini zimejaa watu walioishi mbali na kwao: walioajiriwa kwenye reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, wachuma chai wa Mufindi, vijana waliopitia kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Mafinga wakabaki hukohuko. Ukoo ulikuwa Songea au Kyela. Aliyembeba mgonjwa usiku alikuwa wa chumba cha pili. Kumwita huyo "mtu baki" siku ya msiba kunaumiza, na si haki.

Lakini nilimuuliza mjomba, naye hakunijibu kwa hasira. "Mpwa wangu, tukimwita huyu kikaoni, kesho tutamzuia nani?" Amewahi kukaa kwenye kikao ambako mtu alisimama akadai marehemu alimwahidi kiwanja, na wajane wakabaki wanatazamana. Ukoo una mipaka inayojulikana, urafiki hauna. Na ukoo ndio unaokabidhiwa yatima siku wageni wakishatawanyika. Hoja hii naiheshimu kuliko nilivyotaka kuiheshimu.

Nikikumbuka historia yetu wenyewe, naona wazee walishalifikiria. Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika: wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi wao, wakajenga vibanda vyao, wakaendelea kuishi pamoja hadi utu uzima. Kula na kuzungumza na wenzako wa rika kulihesabika kuwa sehemu ya utu. Hata hivyo, ng'ombe walirithiwa kwa damu. Uliishi na rafiki, ukarithi kwa ndugu, na wala hakuna aliyeona kwamba kimoja kinakitukana kingine.

Hata kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 hazikumfungia mlango mtu wa nje. Wosia wa mdomo unatakiwa kushuhudiwa na watu wasiopungua wanne, baadhi wa ukoo, wengine wasio wa ukoo. Yule asiye na fungu anahitajika palepale kwa sababu hana fungu.

Hapo ndipo ninaposimama. Kosa letu siku ile halikuwa kumnyima mama mdogo urithi. Hakuuomba, na sidhani kama angeupokea. Kosa lilikuwa kumtoa chumbani. Tulikaa kwa muda wa saa nne tukiandaa muhtasari wa kikao wa kupeleka Mahakama ya Mwanzo, tukibishana kuhusu madeni ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua, huku anayeyajua yote anaosha masufuria nje. Angepewa kiti cha shahidi, asiwe na kura wala fungu, mjomba asingepoteza kitu na sisi tungejua ukweli.

Baada ya wiki mbili nilimfuata sokoni. Alikuwa anakunja masweta. Nilimwomba radhi, akaniambia nikae. Kisha akainama chini ya meza, akatoa daftari lenye jalada la bluu lililochakaa pembeni. Ndani, kwa mwandiko wa mama, kulikuwa na majina ya wanawake watatu waliokuwa wanadaiwa na mama, na mmoja ambaye mama alikuwa anadaiwa naye.

"Alinipa nikutunzie," akasema. "Nilisubiri mniulize."