Mkono Juu

Shemeji yangu anaongoza wapanda mlima huko Moshi, na akija Mwanza kila jiwe analoliona lazima alipande. Sasa mtu wa hivyo umlete mji huu, utalala saa ngapi? Watoto wa Mabatini wanapanda mawe kila siku, peku, ndoo ya maji kichwani, na hakuna aliyewahi kuwaita wanamichezo. Yeye ana viatu maalumu na kifuko cha unga mweupe wa kukaushia jasho la mikono kiunoni.

Akanipeleka kwenye miamba ya Capri Point. Graniti yetu ukiiangalia kwa mbali, kama lile Jiwe la Bismarck lilivyosimama majini, utadhani imepigwa msasa. Ishike sasa! Ina punje kali zinazokula ngozi. Nilifika kimo cha mlango hivi, mguu ukateleza, nikaning'inia kwa vidole vya mkono wa kulia. Pembeni mjusi mwenye kichwa chekundu ananitazama huku anapiga pushapu.

Ngozi ya ncha ya kidole cha kati ikafunguka kama kifuniko cha soda. Jirani yake akavutika, akaanza kuvimba.

"Ulisikia 'pa!' ndani ya kidole?" shemeji akauliza.

"Nilisikia sauti yangu tu."

Akanikunja kidole polepole, kikakunjika. Akasema kingegoma, au kingelia, tungekwenda hospitali moja kwa moja, maana hapo kano inaweza kuwa imechanika. Akaosha kidonda kwa maji na sabuni (msinikumbushe), akakipunguza kile kingozi kwa mkasi safi, akabandika plasta. Kisha akavifunga vidole viwili pamoja kwa utepe ili kizima kimshikilie mgonjwa.

"Na mkono usiushushe, shem. Uwe juu ya moyo, uvimbe usizidi."

Nikatii. Kabla sijafika mjini bodaboda watatu walikuwa wamesimama mbele yangu wanagombania abiria. Konda wa daladala akaviona vidole vyangu, akapiga bodi: "Wawili! Mwenzako yuko wapi, mzee?" Bibi mmoja ng'ambo ya barabara akanipungia kwa furaha, akaulizia watoto. Simjui.

Jioni tulikuwa na kikao cha sendofu Kirumba. Nikakaa nyuma, mkono juu.

"Nani anaongeza ahadi?" mwenyekiti akauliza. "Naam! Shemeji pale nyuma! Vidole viwili, laki mbili!"

Vigelegele. Nikaushusha ili nimwonyeshe plasta, kidole kikadunda, nikaurudisha juu haraka.

"Laki nne! Huyu ndiye mwanamume!"

Katibu akaniletea daftari nitie sahihi. Kalamu haikushikika, hivyo mke wangu akanisainia, tena kwa mwandiko mzuri sana. Bibi harusi ni mdogo wake. Na yule bingwa aliyeniambia nisishushe mkono ni kaka yao.