Ngoma Zetu Hazijafa, Zimeachishwa Kazi

Vijana kadhaa ninaowafahamu hapa Dar wamenogewa na Wardruna, bendi ya Norway iliyoanzishwa mwaka 2003, inayoimba habari za miungu ya kale ya Skandinavia. Wanapiga tagelharpa, chombo cha nyuzi za singa za farasi, na kupuliza pembe za mbuzi. Ni muziki mzuri, sikatai. Ila dini wanayoiimbia ilizimwa na Ukristo yapata miaka elfu moja iliyopita. Hakuna mzee aliyebaki wa kuwaonyesha matambiko yale yalikwendaje. Wanasoma mashairi ya kale, wanachonga vyombo, yaliyobaki wanabuni.

Sisi, wazee tunao, na hatuwaulizi.

Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizunguka dunia na zeze na ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo, akarekodi na lebo ya Real World ya Uingereza. Ilimba hutobolewa matundu yakazibwa kwa utando wa buibui, ndipo sauti ikatoka na mkwaruzo. Wazungu walipagawa na mkwaruzo ule. Nina hakika studio nyingi za mjini hapa zingeusafisha zikidhani ni kelele!

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilalamika bungeni kwamba wengi tunajua rumba na chachacha kuliko ngoma zetu kama gombe sugu na lelemama, akaunda wizara ya utamaduni. Nia njema kabisa. Lakini kilichofuata ni ngoma kupangwa foleni uwanja wa ndege kupokea wageni. Tukachukua mdundo, tukaacha kazi yake: tambiko, uganga, unyago. Ngoma ya kuombea mvua inapigwa dakika kumi mbele ya meza kuu, MC anasema asanteni sana, tunaendelea na ratiba. Mvua nani kaiomba?

Najua nitaambiwa narudisha ushirikina. Haya, nenda Mbagala. Mzaramo anaswali swala tano, na mwanawe aliyekuwa mwali akitolewa ndani, mdundiko, ngoma ya Wazaramo, unapita mtaani, watoto wanaufuata mpaka wanapotea. Hajaona ugomvi baina ya viwili hivyo, na mimi siuoni.

Wala sisemi kila kitu kirudi. Muheme, ngoma ambazo wanawake wa Kigogo hupiga wakiwa wamezibana mapajani, ni ngoma za jando na unyago, na huko wasichana walikeketwa. Kisu kitupwe bila mjadala. Ngoma zenyewe hazikumkata mtu.

Ninachopinga ni kufufua vyombo peke yake. Kufundisha zeze kwenye chuo cha sanaa Bagamoyo ni jambo jema, nawaheshimu wanaofanya hivyo, lakini anayehitimu atalipiga wapi? Hotelini, wageni wakila. Chombo huishi pale penye shughuli inayokidai, na shughuli Dar hazijawahi kupungua.

Angalia harusi zetu. Michango inakusanywa miezi, vikao kila Jumapili, ukumbi, mapambo, sare. Ikifika zamu ya mdundiko, DJ anaubonyeza kwenye kompyuta, na wapigaji wenyewe wako Temeke wanasubiri kibarua. Kamati inayolipia keki ya ghorofa tano haishindwi na wapiga ngoma watatu na kungwi mmoja wa kuwaeleza maharusi kinachopigwa ni nini.