Ndugu yako mpe na karatasi

Mtu yuko Muscat au Doha anapiga kazi, anamtumia kaka yake hela amnunulie kiwanja Chanika, kaka anaenda na muuzaji kwa mwenyekiti wa mtaa wanaandikishana, na kwa vile aliyepo ni kaka basi jina linaloingia ni la kaka. Hapo hakuna mwizi bado. Ila kaka akifariki kesho wale watoto wake watajuaje kama kiwanja ni cha baba mdogo na wao karatasi waliyoikuta kabatini ina jina la baba yao?

Mi naona shida yetu sio uaminifu, ni aibu. Tunaona kumwandikia ndugu hati ya uwakilishi ni kama kumwambia sikuamini, wakati inamlinda yeye zaidi maana imeandikwa nani kamtuma na kafanye nini. Mbona kwenye ndoa hatuoni aibu? Mshenga anaposa na hakuna anayedhani anaoa yeye. Bwana harusi wa Kiislamu akiwa mbali anaweka wakili, na wakili anatamka kabisa kwamba anakubali ndoa kwa niaba ya fulani, akisahau hilo jina nadhani msikiti mzima utamshtua haha.

Sasa hiyo hati usiandike ile ya "afanye lolote kuhusu mali zangu", hapo umemruhusu mpaka kuuza na kuweka rehani. Taja kiwanja kimoja, taja kazi, kununua tu au kusimamia ujenzi tu, na uandike kabisa kwamba jina kwenye mauziano liwe lako. Ukiwa nje ubalozi wetu unaweza kukusaidia kwenye kuithibitisha, ukiwa hapa nenda kwa wakili akugongee muhuri. Na ukibadili mawazo unaifuta, ila uwajulishe waliokuwa wanaitumia, sio unanuna kimya kimya.

Kitu wengi hawakijui ni kwamba uwakilishi huu unaisha siku aliyeutoa akifa. Baba kafariki, ba'mkubwa bado anazunguka na ile hati anakusanya kodi za wapangaji, anakwambia marehemu mwenyewe alinipa. Alikupa akiwa hai mzee wangu, sasa hivi ni mirathi, familia ikae kikao imtaje msimamizi na mahakama imteue, na anaweza akawa ba'mkubwa huyo huyo sina neno.

Hela za kwenye simu ndio kabisaa, mtu hata hajazikwa na namba ya siri inajulikana nyumba nzima, wanatoa salio eti ya sanda, kumbe zile nazo ni mirathi.

Na kaka akinuna kwa sababu ya karatasi ya kiwanja kimoja, si una dada? Mtume dada.