Printa ya Picha Nyumbani Kwangu Inakunywa Kuliko Mwenye Nyumba

Hivi nani aliwaambia watu kwamba mtu akiwa na printa ya picha nyumbani basi kafungua ofisi? Maana mi sielewi. Hapa Tabata jirani yangu mmoja ana kisima, ukitaka ndoo ya maji unatoa hela yake na hakuna anayenung'unika. Mwingine ana mashine ya kunyolea, anakunyoa uani kwake na buku unatoa huku unajitazama kwenye kioo unacheka. Ila mimi mwenye printa naambiwa "jirani, nitolee hiyo moja tu fasta", na ikishatoka, "asante sana baba Salma, Mungu akuzidishie". Haya, Mungu azidishe, sikatai, lakini katriji ya rangi, kile kikopo cha wino, haizidi bwana, ile inapungua tu.

Wazo la kununua lilikuwa la mama Salma na kwenye karatasi lilikaa vizuri kabisa. Shule kila ukigeuka wanataka picha za pasipoti, mara fomu ya kujiunga, mara kitambulisho, mara sijui za faili la mwalimu wa darasa, watoto wenyewe watatu, na pale steshenari picha nne ni 3,000. Akasema tukiwa na yetu tunatoa wenyewe, na albamu ya familia tunajaza. Tukaenda Kariakoo. Nyie wauzaji wa Kariakoo wana mdomo! Kijana anakwambia bosi hii inatoa picha ya studio kabisa, mpaka mwisho wa karatasi haiachi ukingo mweupe, na ndani humu katriji zake zimo, wewe ni kuchomeka tu kwenye umeme. Na kweli zilikuwemo. Asichosema ni kwamba mashine nyingi za hivi zinakuja na katriji za kuanzia, wino kiduchu wa kukuonjesha, ukishanogewa ndo unarudi dukani kujua bei ya ukweli.

Sasa sikia bei ya ukweli. Printa yenyewe 180,000. Katriji nyeusi 40,000, ya rangi 45,000. Yaani ukibadilisha zote mbili mara mbili umeshakaribia kununua printa nyingine na boksi lake na sidii yake ambayo hakuna laptop siku hizi yenye pa kuiingizia. Na ndo biashara ilivyo kokote duniani, mashine unauziwa kwa bei ya kukutongoza halafu jamaa wanakusubiri kwenye wino.

Siku moja nikageuza boksi la hiyo katriji ya rangi nikasoma maandishi madogo. Mililita 4. Nne! Kijiko cha chai kinachukua tano. Nikachukua simu nikapiga hesabu pale pale nimesimama, 45,000 gawanya kwa 4 zidisha kwa elfu, lita moja ya huu wino inakuja milioni 11 na laki mbili na nusu. Petroli ambayo nchi nzima tunailalamikia lita ni elfu chache tu. Nikamwita mama Salma aje aone, akasema kwani wewe una kiu. Huyu mwanamke sijui nani alimfundisha kujibu.

Eti tone moja linalotoka mle ni pikolita chache tu, na pikolita ni lita moja umeikata vipande trilioni. Ukisikia hivyo unaona kabisa hii mashine ina ubahili wa kizungu, inatoa tone ambalo hata sisimizi halimtoshi. Sasa wino unaenda wapi? Subiri nitafika huko, maana nikikumbuka napandwa na presha.

Na hii ya kurusha matone kwa moto ina historia yake. Mwaka 1977 huko Japani mtaalamu mmoja wa kampuni ya Canon aligusisha kwa bahati mbaya kile chuma cha moto wanachochomelea waya kwenye sindano ya bomba lenye wino, wino ukaruka. Wakakaa chini wakalitafakari, ikazaliwa mashine inayochemsha wino mpaka unatoa kipovu na kile kipovu kinasukuma tone kwenye karatasi. Wenzao wa kampuni ya HP nao walikuwa wanahangaika na jambo hilo hilo kivyao, mwaka 1984 wakatoa ya kwao. Unaona sasa. Huku kwetu mtu akirukiwa na wino anaishia kugombana na dobi, mwenzetu karukiwa mara moja na mpaka leo mimi ndo nalipia.

Halafu ukiiwasha. Ukibonyeza printi unafikiri inaprinti? Inaanza kwanza kunguruma, inasogea kulia, inarudi kushoto, inakaa kimya, inagonga kitu ndani, inasogea tena, mithili ya daladala ya Gongo la Mboto inayojifanya inaondoka ili abiria wapande na kumbe konda bado anaita. Dakika zinapita. Mtoto kavaa sare, bodaboda anapiga honi nje, picha haijatoka. Na kumbe ile ngurumo yote siyo mbwembwe, pale inajisafisha, na inajisafisha kwa wino wako uleule wa milioni kumi na moja. Umeme ukikatika ukarudi, inajisafisha upya. Ukiiacha wiki mbili bila kuitumia wino unakauka kwenye vile vitundu vya kutolea matone, itabidi uiamrishe mwenyewe isafishe hedi, yaani kile kichwa chenye vitundu, inakunywa funda kubwa. Kwa hiyo ukiitumia wino unaisha, usipoitumia wino unaisha. Nipeni jina la mnyama wa hivyo.

Sasa njoo kwenye rangi. Katriji ya rangi ina vyumba vitatu ndani, bluu yake wanaita sayani, nyekundu yake wanaita majenta, na njano. Picha nzima inatoka humo, hata nyeusi ya nywele na ya suti, maana kwenye karatasi ya picha ile katriji nyeusi ya maandishi inakaa pembeni inaangalia tu, hivyo nyeusi inatengenezwa kwa kumimina zile tatu zote pamoja. Sasa sisi familia yetu hii Mungu katubariki weusi, na baba mdogo siku ya ndoa ya Salehe alivaa suti nyeusi kasimama mbele ya pazia la zambarau, halafu anataka saizi ya A4. Nilivyoiona ile picha kwenye skrini roho ikafa ganzi. Baba mdogo unamkataliaje? Nikatoa. Karatasi ilitoka imelowa inanukia hospitali, na mashine ikaleta taa nyekundu papo hapo.

Na ikiisha majenta peke yake unatupa katriji nzima, njano na sayani zinaondoka na hatia isiyo yao. Halafu hapo nataka kutoa barua ya maandishi meusi, haina rangi hata chembe, mashine inagoma, inasema weka kwanza katriji ya rangi. Yaani nimeishiwa nyanya naambiwa hata chai usichemshe.

Majenta ikiziba ndo utacheka ulie. Kinachobaki ni bluu na njano, na bluu na njano ni kijani. Nilitoa picha za pasipoti za mwanangu wa mwisho, mtoto katoka kijani mpaka meno, mashavu yana rangi ya mchicha uliopitiliza jikoni. Mama yake akasema zitafaa tu kwani sura si inaonekana. Nikamwambia mama Salma, mwalimu akiiona hii atampigia daktari. Dada yake akamwita Hulk, lile jitu la kijani la kwenye sinema, siku nzima. Njano ikiziba kila mtu anakuwa zambarau, sayani ikiziba tunakuwa wekundu kama tumetoka kuchomwa jua, basi ukikagua albamu yetu unaweza kujua ni mwezi gani rangi gani iligoma.

Sasa majirani. Hawa hawaleti picha, wanaleta skrinshoti. Mtu anakurushia WhatsApp kitu alichokipiga skrinshoti kwenye status ya mtu mwingine, juu unaona saa 4:17, chaji asilimia 12, laini mbili, na chini pameandikwa "jibu", halafu anataka imtokee kubwa ya kuweka sebuleni. Ukimwambia hii haitoki vizuri anaona unambania. Picha ndogo ile ya inchi 4 kwa 6 ili itoke safi inataka kama pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, 1,200 kwa 1,800, na WhatsApp ukituma kawaida inaikamua picha ipungue uzito. Nawaambia tumeni kama dokumenti jamani, kama dokumenti, haikamuliwi. Wanajibu "sawa jirani", wanatuma skrinshoti ya ile ile waliyonitumia jana. Ikitoka na ukungu wanasema printa yako mbovu.

Hiyo ya kutoacha ukingo mweupe nayo acheni. Ili ijaze karatasi mpaka mwisho inaivuta picha ikue kidogo, kinachozidi pembeni kinakatwa. Na kwenye kila picha ya ukoo kuna shangazi anayesimama mwisho kabisa wa mstari. Shangazi kabaki bega na nusu ya kilemba. Mpaka leo anaamini mama Salma ndo aliyeagiza, na nimejitahidi kumweleza mambo ya mipaka ya karatasi, ananiangalia tu, anasema "sawa mwanangu, nimeelewa", kwa ile sauti ambayo hajaelewa na hatasamehe.

Mama mkwe yuko Tanga, unyevu wa kule mnaujua. Tulimpelekea picha ya wajukuu kwenye fremu nzuri ya kioo. Baadaye anapiga simu, baba Salma, watoto wameng'ang'ania kioo hawatoki. Ndo wino huu wa maji ulivyo, ukibanwa na kioo kwenye joto na unyevu, ile karatasi ya kung'aa inagandana nacho, ukivuta unabandua pua ya mtoto. Nikamwambia mama usivute, acha hivyo hivyo. Akaihamishia dirishani ipate upepo ikauke, jua likaipiga, ikapauka. Sasa wajukuu wanaonekana kama mizimu na bado wamegandia.

Watu wakanishauri nijaze wino wa chupa kwa sindano, wa bei chee. Rahisi inavunja upishi, ila na njaa nayo inavunja. Unatoboa kijishimo, unachoma sindano, unasukuma pole pole, na hata usukume kistaarabu vipi lazima ukurukie. Umejaza mpaka shingoni, mashine inasema katriji tupu, kwa sababu ile chipu ya kwenye katriji haipimi wino, inahesabu kurasa na matone ulizotoa, kwa hiyo kwake yeye umeisha na ukibisha unabishana na hesabu. Kidole changu cha shahada kikabaki na bluu haitoki kwa sabuni wala jiki, kwenye foleni ya benki mzee mmoja ananiuliza kwa heshima zote, samahani mwanangu, kwani huko kwenu mmepiga kura ya nini?

Haya, tufike pale nilipowaahidi. Siku moja ikagoma kabisa, taa mbili zinapokezana kuwaka, nikaipeleka kwa fundi. Fundi mtaratibu, kijana mdogo, anachomoa skrubu huku anakunywa uji. Akafungua tumbo la chini akatoa sponji. Jamani lile sponji! Jeusi tii, zito, limevimba, likachuruzika kwenye gazeti alilotandika, ukiangalia pembeni unaona michirizi ya bluu na nyekundu kabisa. Akaninyooshea, "Mzee, wino wako huu hapa." Kila ilipojisafisha ilikuwa inatema mle, na sponji likijaa mashine inajifunga yenyewe isije ikamwagia meza. Nilikaa kwenye lile benchi nikiangalia karatasi zangu za shule, viatu vya watoto, na kodi ya mwezi wa sita vinachuruzika juu ya ukurasa wa michezo. Nikamuuliza haiwezekani tukamua turudishe? Akacheka mpaka uji ukampalia. 25,000 ya kuosha sponji na kurudisha hesabu sifuri, na akanishauri nikipata hela nihamie zile za matenki, unamimina wino wa chupa bila chipu wala sindano, bei yake ya kununua ndo inakuwa imesimama. Nikipata hela. Nikipata hela gani tena hapa?

Wakati huo huo binti wa dada anaolewa na kamati ya sendofu imenichagua kitengo cha kadi bila kuniuliza, kisa nina printa. Kadi mia na ishirini, za kung'aa, zenye picha ya bibi harusi, na bakgraundi wametaka damu ya mzee iliyokolea ukurasa mzima. Nikanyoosha mkono nikasema wajumbe, bakgraundi nyeupe inapendeza na maandishi yanasomeka. Mwenyekiti akasema nyeupe ni ya msiba. Nikasema basi ahadi yangu ya 50,000 muihesabu kwenye wino. Mweka hazina akafungua daftari, akatafuta jina langu, akasema wino si mchango, wino ni upendo, ahadi yako bado inasomeka na mwisho wa kulipa ni Jumapili.