Wahubiri, Tuachieni Kaburi Tupu

Pasaka hii nilialikwa kusali kwenye kanisa moja hapa Mbeya mjini. Mhubiri alitangaza ufufuo wa biashara, wa ndoa, wa viwanja vilivyokwama, hata wa viza. Tukaambiwa tuinue funguo za magari. Asiye na gari anyooshe mkono apokee kwa imani. Jina la Yesu lilitajwa sana. Kwamba alisulubiwa kwa ajili ya dhambi zetu na siku ya tatu akafufuka, sikulisikia hata mara moja. Nilipanda daladala kurudi Uyole nina hasira, na bado ninayo.

Mwaka jana tulimzika mama mdogo kule Tukuyu, pembeni ya migomba yake. Nani pale angethubutu kumwambia baba mdogo kwamba milango ya biashara inafunguka? Mzee wa kanisa alifungua 1 Wakorintho 15 akasoma taratibu. Alipofika pale Paulo anaposema kama Kristo hakufufuka imani yenu ni bure, sauti ikamkatika. Baba mdogo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akaitikia: "Amefufuka."

Hilo neno lilitubeba mpaka nyumbani. Na lina uzito kwa sababu Paulo hasemi mafumbo. Anawaandikia Wakorintho miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba, anamtaja Kefa, yaani Petro, anamtaja Yakobo, anataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona, na wengi wao, anasema, wangali hai. Yaani waulizeni. Ukiugeuza ufufuo huo kuwa mfano wa mtaji uliorudi, umemnyang'anya mfiwa kitu pekee alichobaki nacho.

Msalaba nao tunauruka. Ijumaa Kuu mabenchi yana nafasi, Jumapili watu wanasimama nje.

Najua watu wana shida. Ada ya shule haingoji, na mkulima wa viazi analala akiwaza bei. Yesu mwenyewe alilisha wenye njaa, na biashara yangu naiombea kila siku. Sawa. Lakini kwa nini ichukue mimbari asubuhi ya Pasaka?

Wazee wetu Wamoraviani huiamkia siku hiyo makaburini, kabla jua halijachomoza. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wa kanisa hilohilo. Nikiwa mtoto niliiogopa: giza, ukungu, nyasi zimelowa, watu wazima wanaimba juu ya wafu wao. Sasa naelewa kwa nini bibi hakukubali tubaki kitandani.

Mchungaji uliyenialika, najua huwa unanisoma. Mwakani nitakuwa Tukuyu alfajiri, pale kwa mama mdogo. Karibu tusimame pamoja. Uje na koti zito, kule kuna baridi.