Nimelipa elfu hamsini kuamkiwa shikamoo

Jamani, kutafuta mke siku hizi kuna kiingilio. Mimi nina miaka 43, nauza spea za pikipiki Kariakoo, sina mke wala mchumba, na shangazi yangu wa Korogwe kanipa mpaka Krismasi niwe nimepeleka mtu. Enzi zake walionana kwenye ngoma au mazishi, bure kabisa, na pilau juu. Mimi naambiwa kuna shughuli za masingo, unakata tiketi.

Ya kwanza ilikuwa Masaki. Bango limeandikwa 18+, nikajua basi, ni watu wazima. Ndugu yangu, 18+ kwenye bango maana yake watauza bia, haihusiani na wewe hata kidogo. Elfu hamsini, wakanibandika stika ya jina kifuani kama boksi la mzigo, nikakalishwa kwenye kimeza, ni ile spidi deti, dakika tano tano, kengele ikilia anakuja mwingine. Akaja binti wa kwanza, akasoma stika, akaangalia kipara, akapiga goti kidogo. "Shikamoo." Na mdomo wangu, bila kunishauri, ukajibu "Marahaba, hujambo?" Sasa mapenzi yanaanzia wapi hapo? Dakika zilizobaki nikamuuliza yuko mwaka wa ngapi na boom limeshatoka. Wa pili naye shikamoo. Wa tatu akasema "mambo", nikakaa vizuri, nikavuta tumbo ndani, kumbe anauza bima.

Eti huu mchezo wa kengele aliuanzisha rabi mmoja wa Kiyahudi kule Los Angeles, Yaacov Deyo, miaka ya 90 mwishoni, ili vijana wa dini yake wapatane waoane. Yaani lengo lilikuwa ndoa kabisa! Huku kwetu umefika na DJ, na mwanamke anaingia bure, mwanaume analipa. Ukiona hivyo ujue anayetafutwa ni wewe, na anayekutafuta ni mwenye ukumbi.

Nikasema basi, niende kwenye mambo ya heshima. Kuna semina ya wasiooa na wasioolewa, kanisani, "miaka 25 na kuendelea". Hakuna aliyeniambia kwamba watu wote wako kwenye hiyo "na kuendelea". Nimefika saa mbili asubuhi, kuna uji na maandazi, akaja mama mmoja na kitenge chake kimenyooka, akakaa pembeni yangu, na mimi kwa malezi ya shangazi nikatoa ya moyoni kabisa: "Shikamoo mama." Uji ukasimama kooni kwa watu. "Mama? Mimi wa '79, wewe!" Kanizidi miaka mitatu tu jamani, na siku nzima hakunipa tena hata kijiko cha sukari.

Halafu wakasema kila mtu ajitambulishe na ataje malengo yake. Mmoja anataka ndoa kabla ya Juni. Mwingine ana nyumba Chanika imeishia kwenye lenta, anataka wa kumalizia naye. Ikafika zamu yangu, nikasema nimekuja kufahamiana. Ukumbi mzima uliguna, mchungaji akavua miwani akanitazama kama mtu aliyekwenda msibani kuuliza bei ya jeneza.

Kwa hiyo sasa hivi mimi tangazo nasoma saa na msosi kwanza. Ikianza saa tatu usiku na bango lina neno "vibe", hao ni watoto, kalale. Ikianza asubuhi na kuna uji, hao wanataka ndoa, usiende bila msimamo. Na kama hawajataja umri wa mwisho, uliza, piga simu, usione aibu kama nilivyoona mimi, aibu yenyewe imenigharimu hela ya tairi mbili za boksa.

Jumamosi iliyopita ndo nikapata yangu. Matembezi ya masingo, 35 mpaka 50, msitu wa Pugu. Kwenye kosta hakuna shikamoo hata moja, ni "za asubuhi" kwa kwenda mbele, na stori ni ada za shule, presha na magoti. Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha hapo Pugu mwaka 1955 akaingia kwenye siasa mazima, mimi kwenye kile kilima niliacha pumzi. Kuna dada mmoja kila baada ya hatua ishirini anainama, "tangulieni, nafunga kamba." Kafunga mara nne. Na mimi nikainama nafunga zangu.

Akanitazama miguuni. "Kaka, hivyo viatu si havina kamba?"

"Havina."

"Basi kaa."

Tukakaa kwenye gogo, wenzetu wakapotea na mwongozaji wao, akatoa mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akanimenyea moja. Namba yake nimeisevu "Pugu Kamba".

Jioni shangazi kapiga, anataka kujua kabila, dini, kazi, ana watoto wangapi, ana umri gani. Nikamwambia shangazi, umri sijauliza, ila hakuniamkia.